Kutu kwenye gari kuukuu: dalili, chanzo na mpaka wa kuvumilia

Gari la miaka ishirini linaloishi Dar es Salaam lina kutu. Usipoiona, ama imefichwa ama hujainama vya kutosha. Muuzaji anayeapa kwamba gari lake halina kutu hata chembe mwache aape, wewe omba jeki. Cha kutafuta ni mahali kutu ilipokaa, na kama bati lililobaki hapo bado linabeba mzigo. Fenda iliyotoboka inaudhi macho tu. Tundu la ukubwa uleule pale springi ya nyuma inapokaa linaweza kuua.

Chuma hushika kutu kikipata maji na oksijeni kwa pamoja, na si lazima maji hayo yaonekane. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 60, bati lililo wazi hupata utando mwembamba wa maji, na Dar hushinda juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Chumvi huzidisha kasi, kwa sababu inafyonza unyevu wa hewani na kuliacha bati bichi hata siku ya jua. Upepo wa bahari huimwaga chumvi hiyo Masaki, Msasani, Kunduchi, Mbezi Beach na Kigamboni bila kubagua gari jipya na kuukuu. Kuna na chumvi nyingine ambayo wengi hawaifikirii: maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na baadhi ya sehemu za kuoshea magari hutumia hayohayo. Gari linapigwa presha kila Jumamosi, maji yanasukumwa mpaka ndani ya maungio ya bati, kisha linarudi nyumbani linang'aa. Tia tone ulimini kabla hujamwambia kijana aanze. Yakiwa na ladha ya chumvi, tafuta kwingine, au mwisho wa kuosha mwagia chini ya gari ndoo mbili tatu za maji ya bomba.

Jinsi ya kupima

Huhitaji vifaa vya gereji kubwa. Chukua tochi, bisibisi bapa yenye mpini mgumu, nyundo ndogo, brashi ya waya, kioo kidogo cha mkononi, sumaku nyepesi ya friji iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, jeki, na stendi mbili za chuma. Stendi ziwe za chuma kweli. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na hakuna ukaguzi wa kutu unaostahili mtu kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Gonga kwanza kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hujibu kwa sauti kavu na mpini unaruka. Bati lililoliwa hujibu kwa sauti nzito iliyokufa, na mara nyingi utasikia vipande vikidondoka ndani, chakachaka, hasa kwenye vizingiti chini ya milango. Ukisikia hivyo, geuza bisibisi na usukume ncha kwa nguvu ya kiganja. Usiipige nyundo, maana bati la nje la gari dogo lina unene wa takriban milimita 0.7 hadi 0.8 tu, na kwa nyundo utatoboa hata lililo zima. Kwa nguvu ya kiganja, bati lenye uhai halipenyi. Likipenya, bati hilo lilikwisha siku nyingi.

Sumaku inapima puti, yaani kijazio kinachosawazisha bati kabla ya rangi. Ipitishe taratibu kwenye bati la juu ya matairi, pembe za chini za milango na kwenye vizingiti. Inaposhikilia kwa nguvu, chini ya rangi kuna bati. Inapoteleza na kuanguka, kuna puti nene, na puti nene mahali pa kutu maana yake kuna tundu lililozibwa.

Usihukumu kwa wingi wa magamba. Kutu huvimba na kuchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo gamba la milimita 3 linaweza kuwa limetokana na chuma kisichofika milimita 1. Kwenye chesisi (fremu ya chini) ya pikapu yenye chuma cha milimita 3, hasara hiyo unaweza kuishi nayo. Kwenye sakafu ya gari dogo, gamba hilohilo maana yake sakafu haipo. Ndiyo sababu lazima ukwangue na kugonga kabla ya kutoa hukumu.

Kwetu mafundi wengi hupima kwa macho, na kipimo cha macho humfuata mwenye pesa. Ukitaka kipimo kisichobembelezwa, azima cha ukaguzi wa magari wa Uingereza: kutu iliyodhoofisha bati ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapofungwa springi, shokapu, usukani, breki au mkanda wa kiti inaliangusha gari kwenye ukaguzi. Kiraka kinachokubaliwa hapo ni cha bati lililochomelewa, na puti haihesabiki kabisa. Chukua rula, weka alama ya sentimita 30 kuzunguka kila sehemu hizo, na ndani ya duara hizo usivumilie kitu zaidi ya wekundu wa juu. Nje ya duara una uhuru wa kuamua kwa mfuko na kwa macho.

Madoa ya kahawia, bati bado gumu

Chanzo ni jiwe lililorusha rangi, mkwaruzo, au rangi iliyochoka na jua kwenye boneti na paa. Hii inakubalika popote kwenye gari, ila si ya kuachwa ipite masika mawili. Tiba yake mtu makini anaifanya mwenyewe nyumbani:

1. Osha kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi, acha ikauke kabisa. Anza saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishaondoka. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri ya kazi hii.
2. Piga msasa namba 80 mpaka bati jeupe lionekane, ukipita kutu kwa sentimita 2 kila upande. Lainisha kingo za rangi kwa namba 180, kisha 320.
3. Vishimo vyeusi vikibaki, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki. Iache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kama maelekezo yanasema isuuzwe, isuuze na uikaushe, kwa sababu asidi iliyobaki juu ya bati huifanya praima, yaani rangi ya msingi, ibanduke.
4. Futa kwa thina na kitambaa safi, kisha paka praima ya epoksi mara mbili. Usiache bati lililopigwa msasa lilale usiku bila praima. Asubuhi litakuwa na wekundu mwingine na kazi yote itaanza upya.
5. Rangi, kisha tabaka la mwisho la kinga, siku hiyohiyo au ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo la praima.

Dawa ya kugeuza kutu haifanyi kazi juu ya magamba. Inageuza tabaka la juu kuwa jeusi, mteja anafurahi, na chini yake kutu inaendelea kula.

Malengelenge chini ya rangi

Uvimbe mdogo unaojitokeza kwenye ukingo wa bati juu ya tairi, chini ya mlango, au kuzunguka kioo cha mbele, mara nyingi umeanzia ndani ukatoka nje. Unachokiona ni mwisho wa safari. Bonyeza kwa kucha: ukisikia rangi inavunjika na unga mwekundu unatoka, tundu lipo tayari au limebakiza wiki chache.

Juu ya matairi, chanzo ni tope. Nyuma ya ukingo bati la nje na la ndani hukutana na kukunjwa, na katikati ya mkunjo huo hukaa udongo mbichi mwaka mzima. Fungua plastiki ya ndani ya fenda, ambayo huwa imeshikiliwa na klipu chache na skrubu moja au mbili, na utashangaa: udongo wa kujaza kopo, majani, hata mfuko wa nailoni. Utoe wote, osha, kausha. Hatua hiyo moja inarefusha maisha ya fenda kuliko rangi yoyote utakayopaka kwa nje.

Kwenye milango, angalia matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wa chini. Kila mlango unayo mawili au zaidi. Mvua hupita kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango, na hiyo ni kawaida, mlango umetengenezwa hivyo. Tatizo huanza pale vumbi na nta kuukuu vinapoziba matundu, au fundi rangi anapoyafunika kwa puti kwa sababu alidhani ni kasoro. Yazibue kwa waya laini. Tikisa mlango: ukisikia maji yanacheza ndani, chanzo umekipata.

Hapa ndipo fundi atakapokwambia, "Bosi, hapo tunapiga puti tu, huwezi kujua." Kwa miezi mitatu hivi atakuwa sahihi. Puti hufyonza maji, na ikikaa juu ya tundu hunywa maji kutoka nyuma, inavimba, inabanduka na rangi yake. Puti ni ya kusawazisha bati zima lenye kibonyeo cha milimita 2 au 3, juu ya praima ya epoksi. Kigumishi kiwe takriban asilimia 2 ya uzito, yaani gramu 2 kwa gramu 100. Kwa joto la Dar mafundi wengi hupunguza kigumishi ili puti isigande mkononi. Ikishuka chini ya asilimia 1 haikauki vizuri ndani, na baadaye alama ya kiraka huonekana kwenye rangi. Afadhali ukoroge kidogo kidogo kuliko kupunja kigumishi.

Fenda ya mbele hufungwa kwa bolti. Ikiwa imetoboka, usipoteze pesa ya kuchomelea. Tafuta ya mtumba Ilala au Gerezani, ibadilishe, mambo yaishe. Bati la juu ya tairi la nyuma ni sehemu ya bodi, hilo ndilo la kuchomelea.

Kapeti limelowa, gari linanuka uvundo

Sakafu huoza kutoka juu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Inua kapeti upande wa abiria wa mbele, bonyeza sponji iliyo chini yake. Sponji hushika maji wiki kadhaa baada ya kapeti lenyewe kukauka.

Maji yakiwa safi, baridi, na yanaonekana siku za kutumia kiyoyozi, bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Linatokea kwenye ukuta kati ya injini na chumba cha abiria. Puliza kwa upepo mdogo au pitisha waya laini kutokea chini. Yakiwa machafu na yanakuja baada ya mvua, fungua boneti uangalie chini ya wipa. Hapo pana mfereji, na gari linalolala chini ya mwembe au mwarobaini hujaa majani mpaka maji yanakosa njia na kumwagikia ndani. Sababu ya tatu ni kioo cha mbele kilichobadilishwa bila kupaka praima pale kisu kilipokwaruza fremu: kutu inaota chini ya gundi, gundi inaachia, maji yanapita. Kuongeza silikoni juu hakusaidii. Kioo kitolewe, fremu isafishwe.

Gari lililopita maji ya Jangwani au bonde lolote la Msimbazi siku ya mafuriko lifunguliwe viti na kapeti lote ndani ya siku mbili. Lisipofunguliwa, sakafu inaanza kuoza ikiwa imefunikwa vizuri, na plagi za umeme zilizo chini ya viti zinaanza kabla yake.

Tundu la ukubwa wa sarafu katikati ya sakafu, mbali na viti, unaweza kulipanga kwa muda wako. Tundu karibu na bolti za kiti au za mkanda ni la kusimamisha gari. Kwenye Hiace zilizoongezwa viti, angalia kila mguu wa kiti: bolti nyingi zimefungwa kwenye bati tupu bila washa pana chini yake, na kutu kidogo tu inatosha kukifanya kiti king'oke.

Mlango umeshuka, au bodi inalia kwenye tuta

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kupita zote. Fungua mlango wa dereva, ushike mwisho wake, uunyanyue juu na chini huku ukitazama bawaba. Pini ya bawaba ikicheza ndani ya tundu lake, pini imelika, tatizo dogo. Bati la nguzo likicheza pamoja na bawaba, na rangi kuizunguka ina mipasuko myembamba yenye wekundu, nguzo yenyewe imeliwa kwa ndani.

Sasa funga milango yote. Weka jeki mahali halisi pa kuinulia, nyuma kidogo ya tairi la mbele, na unyanyue polepole huku mtu mwingine akitazama mwanya kati ya mlango na fenda. Gari zima huinuka lote kwa pamoja na mwanya haubadiliki. Mwanya ukibana au kupanuka kwa kuonekana, au mlango ukagoma kufunguka gari likiwa juu, vizingiti havishikilii tena. Jeki ikizama na ukasikia chuma kinasagika, shusha mara moja. Jibu umepata.

Kizingiti si pambo. Kwenye gari lisilo na chesisi, yaani karibu magari madogo yote kuanzia IST na Vitz hadi Harrier, kizingiti ni boksi la tabaka mbili au tatu za bati linaloshikanisha mbele na nyuma, na ndilo linalokinza pigo la ubavuni. Huoza kwa ndani kwa sababu maji ya milango na ya mfereji wa mbele hupitia humo kutoka, na matundu yake yakiziba linageuka tenki. Kutoboka kwa bati la nje pekee kunaweza kutengenezwa vizuri. Bati la ndani likiwa limekwisha, kuvisha kizingiti kipya juu yake ni kufunika jeneza.

Pale shokapu na springi zinapokaa

Fungua boneti. Kila upande utaona kichwa cha shokapu kimefungwa kwa nati, mara nyingi tatu, juu ya mnara wa bati. Kwangua vumbi kwenye mshono unaouzunguka mnara. Weka vidole nusu kwenye mnara nusu kwenye bati la pembeni, mwambie mtu alisukume gari juu na chini kwa nguvu. Vidole visisikie bati mbili zikitembea tofauti. Vikisikia, au mshono umepanuka na kutoa unga, gari lisiende hata sokoni.

Dalili za barabarani ni mgongano mzito wa chuma kwenye shimo, gari kuvuta upande mmoja baada ya kupigwa alaimenti juzi tu, na tairi kulika ndani. Mafundi wataanza na bushi na boljointi, na mara nyingi watakuwa sahihi. Lakini bushi mpya zikishafungwa na kelele ikabaki, acha kununua spea, anza kugonga bati.

Nyuma, angalia kikombe ambacho springi imekalia. Kinakusanya mchanga, na gari linaloendeshwa ufukweni Kigamboni hukijaza mchanga wenye chumvi. Kwenye krosimemba inayobeba injini, kutu ya wekundu ni kawaida na ukwanguaji unatosha. Magamba kwenye masikio yanayoshika bushi ni ya kubadilisha krosimemba nzima. Inafungwa kwa bolti na mtumba wake unapatikana, kwa hiyo usikubali ichomelewe viraka.

Chesisi za pikapu, Land Cruiser na kirikuu

Chuma cha chesisi ni kinene, kwa hiyo kutu huchukua miaka kabla ya kufanya madhara, na kwa sababu hiyohiyo watu huiacha mpaka ipitilize. Gonga kwa nyundo halisi, kila sentimita 10, pande zote tatu unazozifikia, hasa juu ya ekseli ya nyuma ambako chesisi hupinda, na pale bodi inapokalia mipira. Magamba yakibanduka tabaka kwa tabaka kama chapati, endelea kuyatoa mpaka ufike chuma. Toyota huko Marekani ilikubali mwaka 2016 kuwabadilishia chesisi wenye Tacoma, Tundra na Sequoia zilizooza, na kipimo kilikuwa tundu la milimita 10 au zaidi lililotokana na kutu. Tundu hilo ni jembamba kuliko kidole chako kidogo. Likumbuke fundi anapokwambia tundu la kupitisha ngumi "si tatizo, tunaweka bati".

Kirikuu, vile vipikapu vidogo vya mizigo, zinazobeba samaki kutoka soko la Feri zina ugonjwa wao. Barafu inayoyeyuka hutiririka na maji ya chumvi juu ya chesisi, palepale, kila siku. Ukinunua kirikuu, uliza ilibeba nini, kisha angalia chesisi chini ya ukingo wa nyuma wa bodi bila kujali umejibiwa nini.

Breki

Diski kuwa nyekundu asubuhi si tatizo. Utando huo hufutika ukikanyaga breki mara chache. Mistari mikavu ya kutu inayobaki upande mmoja wa diski baada ya safari mara nyingi maana yake kalipa, ile inayobana diski, imekwama kwenye pini zake.

Jambo la hatari ni paipu za chuma. Paipu ya kawaida ina kipenyo cha nje cha milimita 4.75 na ukuta wa takriban milimita 0.7. Kutu ikila theluthi moja ya ukuta, yaani takriban milimita 0.25, paipu haifai. Kwa mkono pima hivi: futa uchafu, piga brashi ya waya kidogo, pitisha kucha. Uso ukiwa laini, pakaa grisi uendelee na safari. Kucha ikinasa kwenye vishimo, badilisha. Tafuta hasa ndani ya klipu za plastiki na juu ya ekseli ya nyuma, mahali tope linapolala.

Kisha, gari likiwa limesimama na injini inawaka, kanyaga breki kwa nguvu zako zote ushikilie sekunde 30. Pedeli ikizama, kuna uvujaji au silinda kuu imechoka. Paipu dhaifu inaweza kupasuka hapo uani, na hapo ndipo pazuri ipasukie. Paipu ya breki haifungwi kwa utepe wala haiungwi kwa kuchomelea. Inabadilishwa kutoka kiungio hadi kiungio, mwisho wake ukipanuliwa mara mbili, ikiwezekana kwa paipu ya aloi ya shaba na nikeli ambayo haishiki kutu. Baada ya hapo toa hewa iliyoingia kwenye mfumo wa breki, kwenye magurudumu yote manne.

Ekzosti, tenki, rejeta, ethi

Ekzosti huoza kwa ndani, hasa ya gari la safari fupi za foleni, kwa sababu maji ya moshi hayapati joto la kuyakausha. Kelele ni kero. Hatari ni ekzosti iliyotoboka pamoja na sakafu iliyotoboka, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu na huingia ndani vioo vikiwa vimefungwa. Kwa tenki na bomba la kujazia mafuta, harufu ya petroli baada ya kujaza full ni dalili tosha, na tenki lisichomelewe na mtu yeyote asiyejua kulitayarisha. Rejeta yenye maji ya kahawia mara nyingi inatokana na kujazwa maji matupu, hasa ya kisima, badala ya kulanti. Taa zinazofifia na stata inayojivuta, huku betri ikiwa nzima, kwangua pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi, kaza, paka grisi.

Ukifika kwa fundi wa kuchomelea

Muulize mambo manne kabla ya bei: bati la unene gani, mashine gani, nyuma ya kiraka atapaka nini, na waya za betri atafungua lini. Kiraka cha sakafu kiwe geji 20, karibu milimita 0.9, cha kizingiti na sehemu za kubeba, geji 18 au 16, yaani milimita 1.2 hadi 1.6. Bati la paa la nyumba ni geji 28 au 30, lisilofika milimita 0.4, na bado utalikuta kwenye magari. Isitoshe, zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomletea fundi homa.

Mashine ya waya wa milimita 0.6 au 0.8 yenye gesi ya CO2 ndiyo ya kazi hii. Fimbo za kawaida hutoboa bati jembamba. Moto wa gesi na oksijeni hupasha eneo kubwa, huunguza rangi na kinga ya upande wa pili, na hulainisha vyuma vigumu vinavyotumika kwenye nguzo za magari ya miaka ya karibuni. Achomelee vipande vifupi vya sentimita 1 hadi 2, akiruka upande huu na ule, mpaka mstari uungane wote. Kukata kuanze kwenye bati zima: kiraka kilichoshonwa kwenye bati lililoliwa hung'oka na bati lake.

Betri ifunguliwe kabla mashine haijawashwa, kapeti na waya vitolewe karibu, ndoo ya maji na mtungi wa kuzima moto viwepo. Baada ya kupoa, pulizia nta au grisi laini ndani ya boksi kupitia matundu yake. Bila hatua hiyo kutu inaanza upya pale moto ulipounguza rangi, na mvua mbili zinatosha. Oili chafu ambayo wengi hupaka chini ya gari huharibu bushi za mpira na kuoshwa na dimbwi la kwanza. Lami ni nzuri juu ya chuma kilichosafishwa na kupigwa praima. Juu ya kutu inafungia maji ndani.

Kabla ya kununua

Gari linalotoka Japani linaweza kuwa limeishi Hokkaido au Tohoku, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kwenye karatasi ya mnada, herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokula bati. Namba inayofuata ikiwa kubwa, hali ni mbaya zaidi. Maneno "shitamawari sabi" yanamaanisha kutu chini ya gari. Chini kukiwa kumepakwa rangi nyeusi mbichi iliyofunika hata nati, mipira na paipu, kwangua kidogo kwa bisibisi mbele ya muuzaji. Akikukataza, mshukuru uondoke.

Mahali pa kukata tamaa

Kiraka kimoja ndani ya zile sentimita 30, kilichochomelewa vizuri, ni matengenezo. Vizingiti vyote viwili pamoja na sakafu, au minara ya shokapu miwili, au chesisi iliyotoboka karibu na boksi la usukani, ni gari la kuvunja. Injini, gia boksi, milango mizima, taa na viti vina soko lake, na mara nyingi vikiuzwa kimoja kimoja hulipa kuliko gari zima. Bodi iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na ikatwe kwenye nguzo na vizingiti kabla haijatoka uani kwako. Bodi inayoondoka nzima hurudi barabarani ikiwa na puti mpya.